Pedi mbovu, au ni mimi?

Kwenye kibanda cha gemu nilichokulia pale Tandika, Dar es Salaam, kila tivii ilikuwa na pedi mbili za kuchezea gemu, na mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba pedi ya kulia ya tivii ya dirishani ni mbovu. Analogi yake, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, ilikuwa inavuta kushoto. Ukiachia kidole tu mchezaji wako anaanza kuondoka mwenyewe taratibu kama mtu anayetafuta choo, ukipiga penati ukalenga kulia mpira unamfuata kipa mikononi. Sasa cha ajabu, hiyo pedi ndo ilikuwa inagombewa. Ukishinda nayo wewe unaheshimika wiki nzima, ukifungwa nayo una la kusema: "Aah pedi mbovu, ngoja nikae upande huu tuone." Mjomba, mwenye kibanda, alikaa nayo miaka bila kuitengeneza na mimi mpaka leo namhisi alifanya makusudi, maana kila aliyefungwa na pedi mbovu alikuwa anatoa mia mbili nyingine hapo hapo ili arudiwe.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wananiuliza sana gemu gani kali, gani mbaya, afu wanategemea niongelee grafiksi. Grafiksi mi sina ugomvi nazo, zinazidi kuwa nzuri kila mwaka na sawa. Kipimo changu kingine kabisa. Gemu ikinifunga, nikiweka pedi chini najiuliza swali moja: nimefungwa kwa ujinga wangu au ni pedi? Zile ninazozipenda zote jibu lake liko wazi, ni mimi. Zile zilizonikera, hata kama nilizicheza miezi, jibu lilikuwa haliji, unalala nalo unaamka nalo. Na kuna kundi la tatu ambalo ndo limenifanya niandike, nitafika.

Za kaseti nazipita haraka. Contra, ile ya kukimbia huku unapiga risasi, ilikuwa haina siasa, risasi ikikugusa umekufa, una roho tatu, basi. Kama ulikuwa unazijua zile kodi za kubonyeza, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A unapewa roho 30, na kaka zetu walikuwa wanaificha hiyo kama siri ya ukoo. Huwezi kumlaumu mtu kwenye Contra. Risasi uliiona inakuja, tena inakuja polepole, na wewe ukarukia hapo hapo.

Tukaja PlayStation 2 na hapo ndo maisha yalipoharibika. Kibanda kilikuwa na Winning Eleven 10, gemu ya mpira, ile ya Japani yenyewe, ambayo Ulaya waliuziwa kwa jina la PES 6 mwaka 2006. Menyu Kijapani mwanzo mwisho, na CD za kule kukubali ni duara, X ni kurudi nyuma, kwahiyo tulikuwa tunajua menyu kwa kuhesabu tu, chini mara ngapi afu duara, hakuna aliyejua kilichoandikwa. Mtangazaji naye Mjapani. Hatukuelewa hata neno moja ila akipandisha sauti vile kibanda kizima kinageuka kuangalia tivii yako, maana kuna beki kaachwa.

Ile gemu ilikuwa na nini? Mpira ulikuwa na uzito. Sijui niseme vipi vizuri zaidi ya hapo. Haukuwa umegandishwa mguuni kwa mchezaji, ukibonyeza R1 akikimbia anausukuma mbele yake na katikati ya mguso mmoja na mwingine ule mpira sio wake, ni wa yeyote anayeufikia, kwahiyo beki mwenye akili anasubiri hapo. Ukipiga pasi huku umegeuka mgongo inatoka legelege kama ambavyo ingetoka uwanjani. Ukishika mraba kupiga shuti, ukiuachia mapema mpira unamfikia kipa anaudaka kama anapokea mkate, ukiuchelewesha kidogo tu unaenda jukwaani. Na hapo ndo utamu wenyewe, kwa sababu mpira ukienda jukwaani kidole chako kinajua. Hata kabla haujapita juu ya mwamba ushajua kwamba umekaa sana kwenye mraba. Huna wa kumsingizia. Nimepaisha magoli matupu kwenye hiyo gemu na hakuna hata moja ambalo leo naweza kusema nilionewa.

Ila tusidanganyane, ilikuwa na madudu yake. Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, na ule mguu wa kushoto hata akiwa katikati ya uwanja kipa wako anaanza kusali. Mtu hajui kupiga pasi tatu, anachukua Inter, anampa Adriano, anageuka kushoto, mraba, goli. Sasa kibanda kilifanya nini? Kilikaa kikao. Karatasi ya daftari ikabandikwa ukutani: INTER HAICHAGULIWI. Siku hizi gemu ikiwa na kasoro unasubiri kampuni itume apudeti ya giga kadhaa, sisi tulikuwa tunairekebisha kwa mdomo na gundi. Na mtu akibisha anaambiwa akacheze nyumbani kwao, na kwao hakuna hata tivii.

Kuhusu majina ndo usiseme. Konami, wenye hiyo gemu, hawakuwa na leseni za timu nyingi, kwahiyo kwenye PES 6 Chelsea wanaitwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, na Bundesliga haipo kabisa kama vile Wajerumani waliacha mpira. Waliocheza FIFA, gemu pinzani ya mpira, walikuwa wanatucheka, kwao kila kitu kipo, jezi, viwanja, nyimbo. Sawa. Ila FIFA ya miaka ile ukiichezea wachezaji walikuwa wanateleza kama wamevaa soksi kwenye sakafu iliyodekiwa, na mimi ni bora niwe na London FC inayocheza mpira kuliko Chelsea kamili inayoteleza. (PES 5 kabla yake refa alikuwa anapiga filimbi kama trafiki wa Tazara, ukimpumulia mtu tu faulo, hilo nalo nimelikumbuka na bado sijasamehe.)

San Andreas nayo, ile GTA. Kuilipia kwa saa kulikuwa ndo ushamba wetu mkubwa, maana ni gemu ya kukaa nayo miezi na wewe unaichezea lisaa la mia tano, dakika ishirini za mwisho Mjomba ameshasimama nyuma yako anaangalia saa. Ilitoka 2004 na mpaka leo sijaona gemu nyingi ambazo mwili wa mtu wako unakuwa na kumbukumbu kama ile. CJ, yule unayemchezesha, akila sana ananenepa, akikimbia anapungua, akiendesha pikipiki sana anakuwa fundi wa pikipiki, akikaa chini ya maji pumzi inarefuka. Hakuna aliyetufundisha, tulijikuta tu mwenzetu mmoja CJ wake mnene anashindwa kuruka ukuta na polisi wanamkamata pale pale, tukacheka mpaka Mjomba akatutoa nje.

Sasa ile misheni ya treni. Kila aliyecheza anaijua, Big Smoke, mwenzake CJ, nyuma ya pikipiki, Wameksiko juu ya mabehewa, wewe unatakiwa umsogeze Smoke karibu awapige. Nilifeli sijui mara ngapi, na kila nikifeli Smoke ananisimanga kwamba kazi yangu ilikuwa kulifuata lile treni tu. Miaka mingi nilihesabu hiyo misheni kwenye upande wa pedi mbovu. Kumbe siyo! Tatizo langu nilikuwa nambana Smoke kwenye treni kabisa, na ukiwa chini ya behewa hivyo atampigaje mtu aliye juu ya paa? Unatakiwa ukae mbali kidogo upande wa kulia, uende sambamba nalo, yeye aone vichwa. Nilivyoambiwa hivyo nikaipita mara ya kwanza. Kwahiyo Smoke nakuomba radhi, ni mimi.

Lakini, na hapa ndo pana tofauti ninayotaka niieleze vizuri, kilichokuwa kinaniuma siyo kufeli. Ni kwamba ukifeli unarudishwa mwanzo kabisa, uende tena kwa Smoke, uangalie tena maongezi, uendeshe tena mpaka stesheni, ndo ulikute treni. Hiyo mi naiita adhabu ya nauli. Gemu haikufundishi kitu pale katikati, inakula tu muda wako, na muda wangu mimi ulikuwa una bei, mia tano. Matoleo ya simu yaliyokuja 2013 waliweka sehemu za kuendelea katikati ya misheni, yani hata wenyewe walijua.

Na Zero, yule jamaa wa duka la vitu vya rimoti humo humo San Andreas. Aisee Zero. Ule mchezo wa kindege kidogo cha rimoti, unawawinda wale watu wa kupeleka vifurushi mji mzima na mafuta yanaisha huku unajiona. Nilipoteza karibu likizo nzima ya Juni kwenye kile kindege. Miaka baadaye ndo nikajua kwamba hailazimiki, unaipata tu kama umenunua duka la Zero kwa dola 30,000, usiponunua stori inaendelea kama kawaida. Nililipia mwenyewe mateso yangu, ndani ya gemu na nje ya gemu.

Sasa wizi wenyewe. Need for Speed Most Wanted ya 2005 naipenda kupita maelezo, wale polisi wake hakuna gemu imewafikia, unakimbizwa dakika kumi na tano moyo unadunda, unaligonga lile duka lenye donati kubwa juu, linaangukia magari ya polisi nyuma yako, unapumua. Kwa upande wa kukimbizwa naipa zote. Ila kwenye mashindano yenyewe ilikuwa mwizi. Ukimwacha mpinzani mbali, gari lake linapewa mwendo ambao halina, anakutokea kwenye kioo kama jini. Ukigonga ukuta naye anapunguza, anakusubiri. Wanafanya hivyo makusudi ili mashindano yasidorore, nia njema kabisa, lakini matokeo yake dakika tano za kwanza za mbio zinakuwa hazina maana, uendeshe vizuri uendeshe vibaya mtakutana kona ya mwisho, na ukiteleza hapo tu imekula kwako. Sasa nimefungwa na nani? Na Razor, yule mpinzani mkuu wa gemu, au na aliyeandika programu?

Mtu ataniambia Mario Kart nayo inafanya hivyo hivyo, aliye nyuma anapewa lile gamba la bluu linaenda kumlipua anayeongoza. Ndio, tena nalichukia. Ila linakuja waziwazi, unalisikia, wote mezani mnajua kanuni, na kesho likitoka kwako wewe ndo utacheka. Kuonewa mbele ya watu nakuvumilia. Kinachonitesa ni kile cha kufanyiwa kimyakimya huku naambiwa mbio ni za haki.

Baadaye nikapata PS3 ya mtumba na humo nikakuta Dark Souls ya 2011, ambayo watu wanaiogopa kama mtihani wa hesabu. Mimi iliniheshimu. Kila adui anaonesha anachotaka kufanya kabla hajafanya, anainua bega, anavuta mguu, na wewe ukifa unajua umekufa kwa tamaa, ulitaka upige pigo la tatu wakati ulikuwa na nafasi ya mawili. Ukifa unaacha roho zako zote, ambazo humo ndo pesa, pale ulipoangukia na una nafasi moja ya kuzifuata. Nimeshajifunza mengi kuhusu tamaa yangu kwenye hiyo gemu. Lakini nayo siiabudu. Kuna yule Capra Demon, amewekwa kwenye kichumba kama choo cha uani na mbwa wawili, unaingia tu mbwa wamekurukia, kamera imejibana ukutani unaangalia tofali, unasikia tu kwamba umekufa. Huo siyo ugumu bwana. Na kule Blighttown kwenye vinamasi picha ilikuwa inakatakata kiasi kwamba unabonyeza kukwepa, jibu linakuja baadaye. Mashabiki wa hii gemu wana tabia mbaya, ukilalamika chochote wanakwambia jifunze kucheza. Hapana. Sehemu tisa nijifunze, ya kumi mrekebishe kamera.

Onlaini sitakaa sana. Gemu za kupigana kwa bunduki kwenye simu nimecheza, PUBG Mobile na Free Fire, tena kwa raha. Shida ya huku kwetu ni umbali. Simu inaenda kuongea na seva iliyo Mashariki ya Kati au Ulaya ndo irudi, kwahiyo adui ninayemuona anachungulia dirishani ukweli ni kwamba alishachungulia kitambo, kanilenga, kapiga, mi ndo kwanza naona pua. Hapo ni pedi mbovu ya ukubwa wa bahari. Ila nawaambia ukweli, hata siku bando liko vizuri na mtandao unakimbia mi bado nakufa, na nasema mtandao.

Sasa lile kundi la tatu.

Mwaka 2009 EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza FIFA, waliongeza humo kitu kinaitwa Ultimate Team. Unajenga timu kwa kadi, kadi ziko kwenye pakiti, pakiti unanunua kwa sarafu unazozipata kwa kucheza au kwa pesa yako kamili, na hujui ndani kuna nani. Mwaka ukiisha gemu mpya inatoka na kadi zako zinabaki kule kwa marehemu, unaanza moja. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema vitu vya namna hii, unalipia bila kujua ndani kuna nini, ni kamari, na kuanzia mwisho wa Januari 2019 EA wakaacha kuuza kule zile pointi za kununulia pakiti kwa pesa kamili. Nchi nyingine bado zinauziwa, hata baada ya gemu kubadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023.

Humo ndani kukawa na tetesi ambayo hata wewe umeshaisikia kama unacheza: kwamba gemu inapanga matokeo. Unaongoza mbili bila, dakika ya 80 mabeki wako wanaanza kutembea kama wamekula wali wa shughuli, kipa anautema mpira aliokuwa anaudaka, unafungwa tatu. Wachezaji watatu Marekani mwaka 2020 wakaenda mpaka mahakamani, wakidai EA wanatumia mfumo wa kubadilisha ugumu kisirisiri ili watu wanunue pakiti. EA wakakana, wakawapa maelezo ya kiufundi na kuwakutanisha na mainjinia wao, na mwaka uliofuata kesi ikaondolewa na waliofungua wenyewe.

Mimi naamini haikuwa imepangwa. Nimecheza mpira wa kibandani vya kutosha kujua mtu anayeongoza mbili bila anavyoanza kujisahau, mabeki wangu walikuwa wanatembea hata kwenye Winning Eleven na hakukuwa na pakiti ya kuniuzia. Lakini angalia kitu kimoja. Kwenye gemu isiyouza chochote ukifungwa unatafuta kosa lako. Kwenye gemu inayouza straika, ukifungwa jibu la kwanza linalokuja kichwani ni straika. Haihitaji kupanga matokeo! Inatosha wewe uwe na shaka, na duka liko hapo hapo kwenye skrini, mlango wazi saa 24. Hiyo ndo pedi ya Mjomba. Tofauti ni kwamba Mjomba alikuwa anachukua mia mbili, na ukilia sana anakupa moja ya bure.

Na sisemi kama mtu aliyesimama pembeni. Kuna gemu moja ya mpira ya kwenye simu, jina lake naliacha, usiku mmoja nilifungwa mara nne mfululizo nikaingiza elfu kumi na tano kwa pesa ya mtandao, niko kitandani, taa nimezima mke asiamke. Nikapata mabeki wawili wa kulia. Mchezaji mmoja yule yule, mara mbili. Kesho yake nikafungwa tena, na safari hii nikasema tatizo ni winga.

Konami nao walinivunja moyo, PES wakaigeuza eFootball, wakaitoa bure Septemba 2021 ikiwa na timu tisa na sura za wachezaji ambazo watu walizicheka dunia nzima, wakaishia kuomba radhi kesho yake. Bure ni nzuri, sikatai, mtoto wa Tandika leo hahitaji mia mbili. Ila kitu cha bure kinatafuta pa kujilipa.

Kwahiyo nimerudi nyuma. Nina laptopu nzee, nimeiwekea PES 6, nacheza Master League, ile ya kuongoza timu msimu hadi msimu, na wale wachezaji wa kubuni ambao kila aliyepita huko anawajua, Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele anakosa. Timu mbovu kuliko zote na hakuna pa kununua pakiti, unapata pointi ukishinda ndo unasajili. Msimu wa kwanza nimemaliza wa sita daraja la pili na nimeridhika kuliko nilivyoridhika na kadi yoyote.

Jumamosi mtoto wa dada alikuja, ana miaka kumi na tatu, hii gemu kwake ni kama mimi nikiona gramafoni. Nikamwelekeza mafundisho ya dakika tano, mraba usikae sana, R1 usishikilie muda wote, tukaanza. Akanifunga tatu moja. Nikaikunjakunja ile analogi, nikaiangalia pedi kwa nyuma.

"Anko, tubadilishane," akasema, hata hakucheka.

Tukabadilishana. Akanifunga mbili bila. Pedi zote mbili nimenunua Kariakoo mwezi huu.